Usimtumie kianzio huyo wa betri za alumini

Mkuu, hiyo hela usiitume. Umesema una kibanda cha kuchaji simu Masasi, jamaa anakuuzia betri ya alumini "mara nne ya lithiamu" na anataka kianzio, nawe unauliza inveta ya ukubwa gani na waya wa unene gani. Inveta itasubiri.

Mimi nilinunua za taa za dagaa, hapa Mikindani. Muuzaji alikuja na maneno matamu: maji ya bahari bure, hakuna habari ya kuchaji. Nikauza betri zangu za asidi, nzima kabisa, hapo ndipo panaponiuma hadi leo. Nikafunga za kwake mitumbwi yote. Mwanzoni taa ziliwaka hadi alfajiri, nikajiona mjanja wa pwani nzima. Zilipofifia nikaunga sola. Kimya. Kufungua, bamba limetobokatoboka, kingo zimelika, chini kumejaa ute mweupe mzito. Ule ute ndiyo alumini yenyewe: imekutana na maji na oksijeni ya hewani ikawa haidroksidi. Uiunge sola mwaka mzima, bamba halirudi. Ni mkaa ule, ukiungua umeungua, unanunua mwingine. Na bamba anauza yeye tu, bei anapanga yeye, mzigo kila siku "uko njiani kutoka Dar".

Mungu anamwona. Alinionyesha kwenye simu "wati-saa 8,100 kwa kilo", yaani kiasi cha umeme ambacho kilo moja inatoa. Namba si ya uongo, ila ni ya makaratasi: kilo ya alumini tupu kwenye betri ya hewa (ndiyo aina niliyouziwa mimi, inayokula bamba kwa oksijeni ya hewani), bila maji, bila boksi. Hilo alilimeza. Mke wangu kaniuliza kama wa vyuma chakavu wanapokea mabamba yaliyoliwa nusu. Nimemwambia asinichokoze.

Wako atakwambia yake ni ya ioni, inachajika. Zipo kweli. Timu ya mwanakemia Hongjie Dai pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ilitangaza yao 2015: inajaa kwa kama dakika moja, imechajiwa zaidi ya mara 7,500 na bado iko vizuri. Hiyo ndiyo inayozunguka WhatsApp. Kisichozunguka ni kwamba ilibeba kama wati-saa 40 tu kwa kilo, jirani na betri ya asidi ya gari, wakati lithiamu ya simu inapita 200. "Mara nne" wameitoa kwenye chaji inayobebwa na metali tupu: alumini mAh 8,040 (kipimo cha chaji, kile kile cha betri ya simu) kwa sentimita ya ujazo, lithiamu kama 2,060. Lakini kwenye grafaiti, ile kaboni ya upande wa pili wa betri inayopokea chaji, alumini haiingii peke yake, inaingia imebeba klorini nne, na nafasi inajaa upesi.

Mimi sasa nina sharti moja. Aimalize betri mbele yako, aichaji kwa sola yako, iwake tena, ndipo utoe hela. Akianza habari za kiwanda na maonyesho, muage.

Piga picha kibandiko cha hiyo betri ukiweke hapa tukisome. Kama anayo betri yenyewe.