Theluji inamwagiliwa maji?

SWALI: Natafsiri habari ya mbio za kuteleza kwenye theluji za Kitzbühel, Austria. Niliandika: “Mafundi waliimwagilia theluji maji usiku ili asubuhi iwe barafu.” Mhariri kapiga mstari chini ya “waliimwagilia” na chini ya “barafu”, akisema barafu na theluji ni kitu kimoja. Ni kweli? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Mstari wa kwanza nauunga mkono, wa pili naufuta.

Tuanze na barafu. Mhariri hajabuni hoja yake hewani. Theluji imetoka kwenye Kiarabu, na huko neno hilo hubeba theluji na barafu pia. Barafu asili yake ni Kiajemi, na cha kuchekesha ni kwamba kwa Waajemi *barf* ndiyo theluji yenyewe. Barafu wanaiita *yakh*. Sisi tuliyapokea yote mawili, tukayagawia kazi: theluji ni ile inayodondoka laini kutoka mawinguni, barafu ni maji yaliyoganda yakawa magumu, kama ile ya kwenye friji. Kileleni Kilimanjaro mpaka huo hulegea, watu husema theluji au barafu bila kugombana. Lakini kwenye mbio za Kitzbühel ukiyachanganya, habari yako haina maana, kwa sababu kazi nzima ya mafundi wale ni kuitoa theluji kwenye hali moja kuipeleka kwenye nyingine.

Theluji laini huchimbika. Wakishapita wanamichezo kumi, kila kona ina mfereji, na wa thelathini anashuka njia ambayo si ile aliyoshuka wa kwanza. Hivyo mteremko (au mtelemko, yote sawa) hushindiliwa kwa mitambo, kisha hutiwa maji, mpaka uso wake uwe mgumu wa kung’aa. Juu ya uso huo mtu hupita kwa zaidi ya kilomita 130 kwa saa.

Sasa kitenzi. Kumwagilia ni kazi ya bustani: maji yanatoka juu, yanaenea, mchicha unakunywa. Wale mafundi hawafanyi hivyo. Wana bomba refu lenye matundu madogo mengi. Wanalilaza juu ya theluji, maji yanaingia ndani kwa shinikizo, kisha wanalisogeza hatua moja na kurudia. Maji yakimwagwa juu tu, huganda utando mwembamba unaovunjika kama kigae. Kwa hiyo andika “waliipenyezea theluji maji”. Ukitaka picha kali zaidi, “waliidunga”. Msomaji wa Nairobi ataiona sindano mara moja, ingawa wa Dar es Salaam angesema “waliichoma sindano”, na hapo sentensi inaanza kuchekesha.

Ninavyoona mimi: “Usiku mafundi waliipenyezea theluji maji, na kulipokucha ilikuwa imeganda barafu.”

Na siku za joto, maji yasipoganda, mafundi hunyunyiza chumvi: inayeyusha theluji kidogo, kuyeyuka huko kunanyonya joto, na maji yaliyo chini yanaganda. Ukifika aya hiyo, usiandike “waliitia habari chumvi” badala ya theluji. Nimewahi kuiona ikichapwa hivyo.