Saini Haisomeki Kutoka Kwenye Kochi

*Shangazi, mume wangu alipigana Vita vya Kagera. Sebuleni ametundika nishani yake na hati ya pongezi. Tatizo, mkubwa aliyeisaini hiyo hati alikuja kufukuzwa jeshini kwa kula fedha za askari. Majirani wanatucheka, wanaiita hati ya mwizi. Jumamosi tuna wageni wa posa ya mjukuu wetu, nikaitoa ukutani nikaiweka stoo. Tangu hapo mzee hanisemeshi, anakula kwa dada yake. Nilitaka kumlindia heshima tu. Nimekosea wapi?*
*Mama wa Isevya, Tabora*

Mwangaluka, mwenzangu. Pole, kuishi na mtu aliyenuna ni kazi.

Lakini barua yako nimeisoma mara tatu na kuna kitu kinanikwama. Saini haizidi urefu wa kidole. Mgeni aliyekaa kwenye kochi haioni, na akiiona hajui ni ya nani. Majirani walijuaje habari za afisa aliyefukuzwa zamani hizo? Mzee hakuwaambia. Alikwambia wewe, usiku, kwa sababu hata yeye ile saini inamuuma. Siri ya mtungi aijuaye kata, nawe kata ukaenda kuimwaga kisimani. Heshima unayodai kumlindia, wewe ndiye uliyeitoboa.

Ndiyo maana anakula kwa wifi yako, na mimi nampa haki.

Hebu tuulizane, hati ile ni ya nani? Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na Mwalimu akasema sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Uwezo wenyewe ni vijana kama mumeo. Walivuka mpaka wa Uganda pale Mutukula, wakapita Masaka, wakapigana kwenye matope ya Lukaya, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Ni zaidi ya kilomita 200, na wengi walizitembea kwa miguu. Wenzao waliokufa vitani wamelala kwenye makaburi ya mashujaa Kaboya hadi leo. Aliyesaini alishika kalamu dakika moja, mzee wako alishika bunduki miezi. Wizi wa yule haufuti nyayo za huyu.

Noti unazohesabu kwenye kikoba zina saini ya Waziri wa Fedha na ya Gavana. Mawaziri wangapi wameng'oka tangu uhuru? Umewahi kumwona mama ntilie akikataa elfu kumi kwa sababu aliyeisaini kaondolewa?

Ndoa za siku hizi zinanisikitisha kwa jambo hili hili. Mume akifungua moyo chumbani, asubuhi habari iko kwenye kundi la WhatsApp. Kisha mke anashangaa mwanaume kawa bubu. Bibi zetu walikuwa na ugomvi wao, lakini la chumbani lilibaki chumbani.

Jumamosi isifike hati ikiwa stoo. Futa kioo, mpelekee mzee mkononi, mwambie, "Mume wangu, mimi ndiye niliyesema kwa watu, nisamehe." Usiongeze neno la kujitetea. Aitundike mwenyewe. Wageni wakiuliza, uanze wewe kuwasimulia alikopita. Na yule jirani akirudia maneno yake ya hati ya mwizi, mjibu palepale, mzee akiwa karibu, asikie.