Wanasema mfumo ni mzuri, mbona hawaingii?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kikuu kimoja hapa Tanzania, tunatumia Moodle, mfumo wa kufundishia na kujifunzia mtandaoni. Kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili niliandaa dodoso la TAM (modeli ya kupima jinsi watu wanavyoikubali teknolojia), nikampa CR, yaani kiongozi wa darasa la wanafunzi wangu, kiungo akakitupia kwenye kundi lao la WhatsApp. Karibu wote wamejaza "nakubali" au "nakubali sana": mfumo una manufaa, ni rahisi, watautumia. Nilipofungua kumbukumbu za mfumo nikakuta wanaingia siku ya testi tu, notisi hazifunguliwi. Msimamizi wangu anasema data zinapingana. Wananidanganya, au modeli ndiyo mbovu?

JIBU: Mwalimu, wapo waliokupendezesha, hilo halikosi. Anayeuliza kama mfumo unafaa ndiye atakayesahihisha testi, nani atathubutu kujaza "sikubaliani"? Lakini wengi nadhani wamesema kweli. Mfumo wanauona unafaa, na hawaingii. Mambo hayo mawili hukaa nyumba moja bila ugomvi.

Modeli nayo itazame ilikotoka kabla hujailaumu. Katika makala ya mwaka 1989 ya Fred Davis, mwasisi wa TAM, waliojaza dodoso walikuwa watumiaji 112 katika maabara ya IBM mjini Toronto, na wanafunzi 40 wa uzamili wa biashara waliokuwa wakisoma jioni Chuo Kikuu cha Boston. Walikuwa wakipima programu za barua pepe, za kuhariri mafaili na za kuchora chati. Hapakuwa na mtu wa kupiga hesabu kama bando litafika Ijumaa.

Mwaka 2003 Viswanath Venkatesh na wenzake, Davis akiwamo, waliunganisha modeli nane wakapata UTAUT, nadharia unganishi ya kukubali na kutumia teknolojia, yenye nguzo nne: matarajio ya ufanisi, matarajio ya juhudi, msukumo wa watu, na mazingira wezeshi (vifaa na msaada wa kutumia mfumo). Hapa kaa kidogo. Tatu za kwanza hupitia kwenye nia ndipo zifike kwenye matumizi. Ya nne inakwenda kwenye matumizi moja kwa moja. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na nia tele asitumie, na dodoso linaloishia kwenye nia halitamwona. Lako liliishia hapo. Data zako hazipingani, zinapima vituo viwili vya safari moja. Mwaka 2012 UTAUT ikaongezwa mambo mengine, mawili kati yake yanatuhusu sana: bei na mazoea.

Niliwahi kukaa na mwanafunzi wa mwaka wa tatu kwenye ngazi za hosteli, nikamwomba anioneshe anavyozitafuta notisi za wiki iliyopita kwa simu yake. Mimi nikanyamaza, jambo gumu kwa mtu wa TEHAMA. Nywila kaisahau. Kiungo cha kuibadilisha kikatumwa kwenye barua pepe ya chuo, ambayo hakuwa ameifungua tangu usajili. Tulipofika hatimaye, notisi zilikuwa kurasa arobaini zilizoskaniwa kwa rangi, faili la MB 70 na ushei, ukurasa wa tatu umelala ubavu. Boom, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi, lilikuwa halijaingia. Akacheka, akafungua WhatsApp, akanionesha desa lile lile: CR kalipiga picha, kalituma, na maswali ya miaka iliyopita yamefuata chini yake.

Yule kijana hakuwa ameikataa teknolojia. Alishachagua yake. Hata dodoso lako, mwalimu, lilipita njia hiyo hiyo ya CR.

Na kumbukumbu za mfumo nazo usiziamini kupita kiasi. Zinahesabu mibofyo, si wasomaji. Mmoja akipakua na kulisambaza kwa darasa zima, Moodle itaandika mtu mmoja. Kwa hiyo "notisi hazifunguliwi" ni kweli kwenye mfumo, lakini si lazima iwe kweli darasani. Za siku ya testi zitenge, kwa sababu siku hiyo ni lazima, na UTAUT yenyewe inatofautisha matumizi ya hiari na ya shuruti.

Kwenye tasnifu, usilitupe dodoso. Kama lilijazwa bila majina, usijaribu kuwatafuta waliojaza ili uoanishe majibu yao na kumbukumbu. Maadili ya utafiti hayaruhusu. Rudi uwandani na maswali machache: unatumia kifaa gani, bando lako ni la aina gani, mara ya mwisho ulipojaribu kuingia uliishia wapi? Hilo la mwisho lina faida kuliko maswali ishirini ya "nakubali sana". Kisha wachukue kumi hivi, ukae nao mmoja mmoja kama nilivyokaa mimi kwenye zile ngazi. Mpelekee msimamizi wako sura hiyo mpya, sidhani kama atalalamika.

Upande wa mfumo, anza na mafaili yako mwenyewe. Notisi ulizoandika kwa kompyuta zihifadhi kama PDF moja kwa moja, usichapishe kisha ukaskani. Mwombe msimamizi wa seva awashe huduma za simu, ili programu ya Moodle ifanye kazi na mwanafunzi apakue somo zima akiwa kwenye Wi-Fi ya maktaba, alisome hosteli bila bando. Kwenye mipangilio ya kwizi kuna pia kipengele cha kuruhusu ifanywe nje ya mtandao kupitia programu hiyo. Kwizi ya namna hiyo haikubali ukomo wa muda, kwa hiyo itumie kwa mazoezi ya kila wiki. Testi yenye alama iache kama ilivyo.