"Nadharia ya mfululizo" na maji ndani ya mirija ya nanomita

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia huku Kongwa. Katika maelezo ya wanafunzi wangu niliandika: "Nadharia ya mfululizo haifanyi kazi katika mifereji ya nano." Mwenzangu anayefundisha Kiswahili ameikataa sentensi hiyo. Kosa liko wapi?

JIBU: Mwalimu, mwenzako amefanya vyema kuikataa, ingawa kisarufi haina dosari. Tukisema mvua imenyesha siku tatu mfululizo, tunazihesabu siku hizo moja moja, ilhali nadharia unayoitaja inakichukulia kimiminika kuwa kitu kimoja kisicho na punje wala nafasi, ambacho kila nukta yake ina densiti na kasi yake. Neno "mfululizo" basi linasema kinyume cha ulichokusudia. "Mwendelezo" lina nafuu, lakini masikioni mwangu linaelekea zaidi kwenye wakati, kama mwendelezo wa hadithi. Mimi ningesema "nadharia ya maada isiyokatika".

Tazama uwele ukimiminwa kutoka kwenye debe kuingia kwenye gunia. Ukiwa mbali kidogo unaona mkondo mmoja, na hakuna Mgogo atakayekushangaa ukisema uwele unatiririka. Toboa debe hilohilo tundu la kupitisha punje mbili tatu: punje zitadondoka moja moja, mara zikwame, na kitenzi "kutiririka" kitakataa kukaa. Molekuli za maji hazikwami kama uwele, lakini nazo zina ukubwa wake, kipenyo cha takriban nanomita 0.3 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Mchemraba wa maji wenye upande wa nanomita 10 una molekuli zipatazo 33,000, hivyo wastani wa kasi una maana. Wenye upande wa nanomita 1 una kama 33 tu, na molekuli chache zikiingia au kutoka, wastani unayumba.

Kwa sababu hiyo "haifanyi kazi" ndiyo sehemu inayonisumbua zaidi, maana inaleta picha ya pampu iliyoharibika. Kwa maji, nadharia hii hustahimili hadi njia zenye upana unaokaribia nanomita 1, jambo linalowashangaza wengi, ilhali mwanafunzi akisikia "nano" anaweza kuwaza hata nanomita 50, ambako hesabu zake bado zinafaa. Sema "inafikia ukomo wake", kisha taja kipimo.

Lipo pia suala la kuteleza. Majaribio yaliyofanywa nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2005 na 2006 yalionyesha maji yakipita ndani ya mirija myembamba ya kaboni kwa kasi kubwa kuliko hesabu za kawaida zilivyotabiri. Hesabu hizo huchukulia kwamba maji yanayogusa ukuta yametulia, na humo yanateleza. Lililoshindwa hapo ni sharti la ukutani, si lazima nadharia nzima, kwa hiyo kitenzi "huteleza" kinatosha.

Kuhusu "mfereji", kwetu Dodoma mfereji huwa wazi juu. Njia iliyofungwa pande zote na yenye umbo la duara ni mrija, na iliyo bapa kati ya kuta mbili ni mwanya. Nayo "nano" ni kiambishi, hivyo andika nanomita.

Ningeiandika hivi: "Kwa maji, nadharia ya maada isiyokatika hufikia ukomo wake katika mirija na mianya yenye upana unaokaribia nanomita 1."