Neno unalolijua ndilo litakalokuangusha

Kama ndiyo kwanza umeanza kusoma fasihi ya Kiingereza na umepewa tamthilia ya Shakespeare, najua utakachofanya usiku wa kwanza. Utachukua kalamu na kupigia mstari kila neno usilolijua. Nami nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza. Kurasa zikajaa mistari: anon, hither, forsooth. Nikayatafuta yote kwenye kamusi, nikaona kazi imekwisha, nikaandika insha kuhusu Hamlet. Kuna pale mzuka wa baba yake unapomwita na wenzake wanamshika asiufuate, naye anasema: "I'll make a ghost of him that lets me." Nikaeleza kwa kujiamini kwamba anamtishia kifo yeyote atakayemruhusu. Mwalimu alilizungushia duara neno lets, akaandika pembeni: "Soma tena."

Lets pale maana yake ni kuzuia. Zamani Kiingereza kilikuwa na vitenzi viwili tofauti, kimoja cha kuacha na kingine cha kuzuia. Sauti zao zikaja kufanana kabisa, na kile cha kuzuia kikafifia. Hadi leo kimebaki ndani ya pasipoti ya Uingereza, kwenye ombi kwamba mwenye pasipoti apite "without let or hindrance". Neno hilo sikulipigia mstari kwa sababu nililijua tangu shule ya msingi. Forsooth haliwezi kukudhuru, maana ukilikuta utasimama na kuuliza. Jihadhari na lile unalolipita ukidhani mnafahamiana.

Yapo mengi ya namna hiyo. Presently kwa Shakespeare mara nyingi ni papo hapo, si baadaye kidogo. Wherefore ni kwa nini. Juliet kwenye roshani haulizi Romeo yuko wapi. Anauliza kwa nini awe Romeo, mtoto wa ukoo ulio na uhasama na ukoo wao. Usinisadiki mimi, soma mstari unaofuata: anamwambia amkane baba yake na alikatae jina lake. Mtu anayemtafuta mwenzake gizani hasemi hivyo. Kila mara unapohisi maana haikai sawa, mstari wa kabla na wa baada ndio mashahidi wako wa kwanza.

Sasa kamusi. Ile ndogo ya mfukoni itakupa maana ya leo tu, na kwa kazi hii itakupoteza. Tafuta maktaba yenye Oxford English Dictionary, ile kubwa iliyoanza kutoka kwa sehemu mwaka 1884 ikakamilika 1928. Thamani yake ni kwamba kila maana imewekewa mifano yenye miaka, kwa hiyo unauona umri wa neno. Angalia silly: lilianza na maana ya aliyebarikiwa, likaja kuwa asiye na hatia, kisha wa kuhurumiwa, likaishia mpumbavu. Nice lilikwenda njia ya kinyume. Asili yake ni neno la Kilatini la asiyejua, nalo lilipoingia Kiingereza lilikuwa tusi. Ukisoma maandishi ya mwaka 1600, nenda moja kwa moja kwenye maana iliyokuwa hai miaka hiyo.

Lakini usikimbilie kuchagua maana moja na kuitupa nyingine. King Lear, amechoka, amevuliwa kila kitu, anasema mbele ya Cordelia, binti ambaye yeye mwenyewe alimfukuza: "I am a very foolish fond old man." Fond ya wakati ule ni mpumbavu, aliyepungukiwa busara. Ila maana ya kupenda kupita kiasi nayo ilikwisha kuingia. Zisikilize zote mbili. Ni mzee aliyepumbazwa na mapenzi yake mwenyewe kwa watoto, na neno moja dogo limelibeba jambo hilo zima. Hapa ndipo kazi yetu inapokuwa tamu, na mwanafunzi anayeandika tu "fond ni mjinga" amelikosa.

Msaada mwingine huenda uko kabatini nyumbani: Biblia ya Kiswahili, ile ya Union Version. Iweke kando ya Biblia ya King James ya 1611, usome aya kwa aya. Zaburi ya 23 kwa Kiingereza inasema "I shall not want", na nimewahi kumsikia mwanafunzi akiifasiri kuwa "simtaki". Bibi yake angemsahihisha bila kamusi: sitapungukiwa na kitu. "Suffer the little children" haina mateso ndani yake. Ni waacheni watoto wadogo waje kwangu. Katika Mwanzo mimea inatolewa iwe "meat", na Kiswahili kinasema chakula. Paulo anapowaandikia Wathesalonike kuhusu waliolala mauti, prevent ya Kiingereza inageuka kuwa kutangulia, na hiyo ndiyo maana yake ya asili.

Tafsiri za tamthilia zitumie kwa uangalifu zaidi. Mwalimu Nyerere alipoileta The Merchant of Venice kwa Kiswahili, mwaka 1969, aliiita Mabepari wa Venisi. Mfanyabiashara wa jina la Kiingereza ni mmoja, ni Antonio. Mabepari ni wengi, na neno lenyewe ni la Tanzania ya Azimio la Arusha. Ni uamuzi wa msanii, nami naupenda, lakini usiutumie kama kamusi.

Kuna mahali tunawazidi Waingereza wenyewe: thou na you. Zamani thou, au thee anapokuwa mtendwa, alikuwa mmoja, na you walikuwa wengi. Kwao leo you ni mmoja na ni wengi, hivyo wengi wao husoma Luka 22 bila kuona kitu. Yesu anamwambia Simoni kwamba Shetani amewataka "you", lakini yeye amemwombea "thee". Sisi tunasoma: Shetani amewataka ninyi apate kuwapepeta kama vile ngano, lakini nimekuombea wewe. Hatari ni ya wote, sala ni ya mmoja. Kwenye tamthilia ongeza jambo la heshima: you kwa mkubwa au mgeni, thou kwa mpenzi, mtoto, mtumishi, au unayetaka kumdhalilisha. Mwaka 1603 mwendesha mashtaka Edward Coke alimtukana Walter Raleigh mahakamani kwa kumwita thou makusudi. Mhusika akibadilisha kiwakilishi katikati ya mazungumzo, simama hapo. Kuna kitu kimebadilika kati yao.

Na ukiwa bado kwenye Luka 22, endelea kidogo: "ili imani yako isitindike." Kama hulijui kutindika, lipigie mstari.