Ukichanganya chokaa, jua unaongeza nini na kwa nini

Nyinyi vijana mnaoanza kukarabati nyumba za kitambo, zile zilijengwa hapa Kisumu miaka ya baada ya reli kufika 1901, nataka niwaambie kitu mapema. Msikimbilie simiti. Mimi nilifanya hiyo makosa kwa ukuta mmoja wa matofali karibu na ziwa, chokaa ilikuwa inachelewa kushika na mwenye nyumba anapiga simu kila asubuhi, nikatupa simiti ndani ya karai ndio iharakishe. Mvua ndefu ilipokuja plasta ikabanduka vipande vikubwa, na kila kipande kimebeba uso wa tofali nyuma yake. Ukuta wa zamani unapumua, unyevu unaingia na kutoka, sasa ukiuziba na kitu ngumu kuuliko, maji na chumvi zinatafuta njia kwa tofali lenyewe. Iliniuma sana manake tofali kama hizo hupati tena.

Chokaa ya kawaida inashika polepole kwa sababu inangoja ile kaboni dayoksaidi ya hewani. Ukitaka ishike haraka na isiogope maji, ongeza vumbi ya matofali. Mafundi wa Kihindi wanaiita surkhi, wameitumia tangu zamani. Chukua matofali yaliyochomwa kwa moto wa kiasi, si yale yameiva mpaka yanang'aa kama glasi, ponda, chekecha mpaka ukiisugua kwa vidole uisikie kama unga wa ngano. Mimi naanza na chokaa moja, mchanga tatu, halafu naondoa nusu ya mchanga mmoja naweka vumbi.

Majivu ya maganda ya mchele pia ni poa, na hapa Ahero maganda si shida. Lakini angalia rangi. Ikiwa nyeusi tititi bado kuna mkaa ndani, ikiwa nyeupe ama ya waridi moto ulizidi na hayo majivu hayafanyi kazi vizuri tena. Tafuta ile ya kijivu.

Mkonge kata vipande vya sentimita mbili hivi, utawanye kwa mkono usishikane kama nywele, unasaidia plasta isipasuke. Mafuta ya kitani, yale ya mafundi wa mbao, yanazuia maji, lakini ni kidogo sana, ukizidisha chokaa inakataa kushika.

Na usiongeze vitu vitatu siku moja, utajuaje ni gani imeharibu? Paka viraka vidogo upande ambao hauonekani, andika mchanganyiko na msumari ikiwa bado mbichi, funika na gunia lenye maji kwa sababu jua la hapa linakausha kabla haijashika. Rudi baada ya wiki tatu nne uikwaruze na huo msumari. Na kama unazima chokaa mwenyewe, yaani unailowesha ile iliyochomwa ikiwa bado kavu, weka chokaa kwa maji, usimwage maji juu ya chokaa, na uvae miwani, hiyo kitu ikiruka kwa jicho inachoma vibaya.