Msingi wa banda la chuma: hesabu upepo kabla ya uzito

Ghala la kwanza nililosimamia peke yangu lilikuwa nje kidogo ya Dodoma: fremu za chuma, upana mita 12, nguzo kila baada ya mita 5, upande mmoja wazi ili lori liingie. Udongo ulikuwa mwekundu na mgumu, sululu inadunda. Nikamwambia mwenye ghala kwamba vitako vya zege (misingi midogo chini ya kila nguzo) vya sentimita 60 kwa 60, unene 30, vinatosha, maana jengo lenyewe ni jepesi.

Mvua za kwanza zilitanguliwa na upepo. Asubuhi nilikuta nguzo mbili za upande ule wa wazi zimeng'oka. Kitako kimoja kilikuwa kimetoka shimoni, kinaning'inia kwenye nguzo yake, udongo umekigandia pembeni, na zege halina hata ufa. Mafundi walifanya kazi yao vizuri; hesabu ndiyo iliyokuwa mbovu, na ilikuwa yangu.

Hesabu yenyewe ni fupi. Kila nguzo ilishika mita 30 za mraba za paa. Upepo ukiingia upande wa wazi hulisukuma paa kutoka ndani, na ule unaopita juu hulivuta. Chukua kilo 60 kwa kila mita ya mraba: ni kilo 1,800 zinazoivuta nguzo moja kwenda juu. Mabati na vyuma vyake, kwa kilo 15 kwa mita ya mraba, vinarudisha 450 tu. Zege lina kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kitako changu kilikuwa na kilo kama 260, na udongo juu yake haukufika 150. Ghala lile lilisimama kwa sababu upepo ulikuwa bado haujaja.

Siku hizi, kwa banda la ukubwa huo, naanza na kitako cha mita 1.2 kwa 1.2, unene sentimita 40, chini yake ikiwa mita 1 kutoka usawa wa ardhi. Zege pekee ni karibu kilo 1,400, na udongo unaorudishwa juu, ukishindiliwa kwa matabaka, unaongeza kiasi kama hicho. Nondo naziweka chini na juu. Wengi huacha za juu, lakini nguzo ikivutwa, udongo ulio juu hukikunja kitako kwa upande wa pili. Halafu mhandisi apige hesabu kwa upepo wa eneo lako. Usinakili vipimo vyangu.

Kama kiwanja ni mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi hadi mkono unaingia, tahadhari zaidi. Ukilowa huvimba, na nyumba ya matofali angalau huukandamiza. Banda la chuma halina uzito huo. Chimba shimo la majaribio la mita 2 kabla hujanunua hata nondo moja. Tabaka jeusi likiwa fupi, lipite, vitako vikae kwenye udongo imara, na chini ya sakafu jaza moramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa kila sentimita 15. Likiwa refu, mwite mhandisi wa udongo. Na maji ya paa yapelekwe mbali kwa mifereji.

Boliti zinazoshika nguzo kwenye zege nazo zimenitesa. Zikichomekwa kwa mkono kwenye zege bichi hupinda, bamba la chuma la chini ya nguzo linakataa kuingia, na fundi anachukua tochi ya gesi kupanua tundu. Toboa plaiwudi kwa kufuata bamba lenyewe, funga boliti humo, ziunganishe na nondo, pima mshazari kutoka nguzo hadi nguzo, ndipo umwage. Kichwa cha zege kinachobeba nguzo kipande sentimita 15 juu ya sakafu. Nguzo iliyozikwa ndani ya zege huanza kutu palepale sakafu inapoishia, mahali ambapo ufagio husukumia maji kila siku.